Hivi maziwa yanatibu vidonda vya tumbo au ndo yanaviamsha? Mwenye kujua anisaidie

#1 Fundi Geti
Wakuu habari za jioni. Nina swali, kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Mi ni fundi wa kuchomelea, mageti, madirisha, mabenchi, huu mwaka wa kumi na mbili. Tangu naanza kwa mzee aliyenifundisha kazi pale Buguruni tulikuwa tunapewa maziwa kila jioni, nusu lita kila mtu, mzee anasema moshi ukikaa kifuani bila maziwa hufiki mbali. Nikazoea mpaka leo.

Sasa mwishoni mwa mwaka jana tumbo likaanza. Panawaka hapa kwenye chembe ya moyo, hasa usiku saa nane saa tisa, naamka najikunja. Nikinywa kikombe cha maziwa ya vuguvugu dakika tano tu nimetulia, nalala. Nikasema dawa si hii hapa. Ila baada ya saa moja na nusu, mbili, linarudi na safari hii kali kuliko mwanzo, nakunywa tena. Hivi navyoandika nimefika lita nzima kwa siku. Waifu anasema maziwa ndo yananimaliza, jirani yangu anasema bila hayo maziwa utumbo ungekuwa umeshatoboka. Nani mkweli hapo?

#2 Konda Mstaafu
Naweka kiti mbele kabisa hapa. Na mimi ni mgonjwa wa siri. Waje wataalam.

#3 mama wawili
Fundi usiache maziwa!! Mi niliteseka na vidonda miaka minne, nilipungua mpaka nguo za binti yangu zikawa zinanitosha. Mama mkwe akanianzishia maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na kijiko kikubwa cha asali asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni na usiku kabla ya kulala. Miezi mitatu. Leo nakula maharage, nakula ndimu, nakula mpaka mabungo. Maziwa yanatandika utando kwenye ukuta wa tumbo kile kidonda kinapata nafasi ya kukauka chini yake, ni kama ukipaka mafuta kwenye mguu uliochubuka, unadhani kiatu kitakuchoma?

#4 Muuza Dawa
Dada #3 pole kwa uliyopitia ila huo utando haupo kama tunavyoambiwa. Maziwa yakifika tumboni yanaganda, yanameng'enywa na kusonga mbele kama chakula kingine.

Kinachomtokea Fundi kinaeleweka vizuri tu. Maziwa yana asidi kidogo sana, pH yake 6.6 hivi, tumbo lenye njaa liko chini ya 2. Ukimwaga kikombe cha maziwa humo asidi inapooza, ndo ile dakika tano anayosema. Lakini maziwa yana protini na yana kalsiamu, na hivyo viwili tumbo likivionja linajua chakula kimekuja linamwaga asidi mpya. Maziwa yakishasonga asidi inabaki yenyewe na kidonda. Saa moja na nusu. Anakunywa tena, inamwagwa tena. Kaka umekuwa unamlipa mtu azime moto na njiani anapitia petroli.

Halafu maumivu ya usiku, ya tumbo tupu, yanayotulia ukila, mara nyingi kidonda kiko kwenye utumbo mwembamba pale mwanzo unapotoka tumboni. Wale wanaoumia punde tu wakila ndo mara nyingi kiko ndani ya tumbo lenyewe. Sio sheria, ila ni dalili ya kuanzia.

#5 Kibuyu Cheusi
Muuza Dawa nakuheshimu ila hapo sikubali. Mimi kwetu Simanjiro, babu yangu chakula chake tangu mtoto ni maziwa, asubuhi maziwa mchana maziwa, nyama kwa msimu. Amekufa mzee sana na sijawahi kusikia kashika tumbo. Kama maziwa yanachimba vidonda basi sisi ukoo mzima tungekuwa tumeisha. Nyie wa mjini mnakunywa maziwa yaliyochanganywa maji na unga halafu mnasingizia ng'ombe.

#6 Msomi wa Jioni
Ngoja niweke kitu hapa. Jirani wa Fundi hajatoa hilo jambo hewani. Kuna daktari aliitwa Bertram Sippy, wa Chicago, mwaka 1915 alitangaza matibabu ya vidonda vya tumbo: mgonjwa anapewa maziwa na krimu kila saa, katikati anapewa unga wa kupooza asidi. Kila saa jamani, kutwa. Na madaktari Marekani na Ulaya waliifuata miaka na miaka, watu walilazwa hospitali kwa ajili ya kunyweshwa maziwa. Ila baadaye ikaonekana baadhi ya wagonjwa kalsiamu inajaa kwenye damu, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, figo zinaharibika, maana maziwa mengi pamoja na ule unga wa magadi kwa muda mrefu mwili unashindwa kuitoa. Miaka ya 70 wakaja kupima asidi tumboni baada ya mtu kunywa maziwa wakakuta inapanda kweli, kama alivyosema #4.

#7 Konda Mstaafu
Kwahiyo jirani wa Fundi ni daktari, ila wa 1915 😀

#8 Chui wa Eldy
Nawasalimu kutoka Eldoret. Mimi niko na alsa, hivyo vidonda vya tumbo, tangu form three. Maziwa freshi ikiingia tumbo inafura kama ngoma, gesi, kukimbia choo, siwezi. Lakini mursik ya shosho, maziwa ya kugandisha ya kwetu, nakunywa kikombe mbili kubwa na ugali na sipati shida yoyote. Ile ya kibuyu, iliyosuguliwa na makaa ya mti wa senetwet ikakaa wiki mbili. Nauliza, si ni maziwa ile ile ya ng'ombe ule ule? Mbona moja inanitesa na ingine inanipenda?

#9 Nesi wa Zamu
Mnachanganya magonjwa mawili kwenye sufuria moja, ngoja niyatenganishe.

Anachosema Chui sio vidonda. Maziwa yana sukari inaitwa laktosi, kikombe cha robo lita kina kama gramu 12. Mtoto anazaliwa na kimeng'enya cha kuivunja, laktesi. Watu wengi duniani wakishakua kile kimeng'enya kinapungua, sukari inapita bila kuvunjwa mpaka utumbo mpana, bakteria wa kule wanaisherehekea, ndo gesi, kuunguruma, kujaa na kuharisha. Mateso matupu lakini hakuna kidonda hapo. Maziwa yakigandishwa, mtindi, mgando, mursik, wale bakteria wa kugandisha wanakuwa wameshakula sehemu ya ile sukari na wengine wanaendelea kukusaidia humo ndani. Ndo maana inakupenda.

Fundi ana kuwaka, sio kujaa. Au vyote? Fundi nijibu na haya: unatumia dawa za maumivu? Choo chako rangi gani? Umepungua uzito? Ushawahi kutapika kitu kama machicha ya kahawa?

#10 Msomi wa Jioni
Na hapo hapo Kibuyu Cheusi ndo anapata jibu lake. Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha matokeo baada ya kupima wafugaji na wasio wafugaji Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta wafugaji wetu wengi wana badiliko la kurithi linalofanya laktesi iendelee kufanya kazi hata ukiwa mzee. Na sio lile walilonalo wazungu, hili limezuka huku huku kwetu kwa watu walioishi na ng'ombe vizazi kwa vizazi. Kwahiyo babu yako alikuwa na tumbo la maziwa kaka, alizaliwa nalo. Huwezi kulichukua tumbo la Simanjiro ukamvika mtu wa Buguruni.

#11 Kibuyu Cheusi
Hapo Msomi umenena. Ila bado hujanijibu kuhusu vidonda, umenijibu kuhusu gesi.

#12 Fundi Geti
Asanteni wote. Nesi najibu. Gesi ipo, tumbo linaunguruma kama jenereta linalokataa kuwaka, ila nilidhani ni njaa. Na kuwaka kupo pale pale, ni vitu viwili tofauti kweli, hata mimi nilikuwa sijavitenganisha. Choo kawaida. Uzito nimepungua kidogo, kilo tatu nne.

Dawa za maumivu natumia, diklo. Kazi yetu ni kuinama kutwa, mgongo ulinikamata mwaka juzi, dukani wakanipa diklofenaki, nameza asubuhi moja jioni moja. Siku nisipomeza siwezi kunyanyua hata mtungi wa gesi. Ila namezea na maziwa ili zisinichome.

#13 Muuza Dawa
Haya sasa.

Mwaka juzi diklo, mwaka jana tumbo. Fundi, diklo haichomi tumbo kwa kuligusa tu kama pilipili. Ikishaingia kwenye damu inazuia mwili kutengeneza vitu fulani ambavyo vinaleta maumivu, sawa, mgongo unapoa, lakini vitu hivyo hivyo ndo vinavyoliambia tumbo litoe ute wa kujikinga na asidi yake lenyewe. Ukivizuia ute unapungua, asidi inakula ukuta. Hata ungechomwa sindano ya diklo, hata ungewekewa ya njia ya haja kubwa, tumbo linaumia. Sasa maziwa uliyomezea yatafanya nini na dawa iko kwenye damu? Familia yote hiyo, diklo, ibuprofeni, aspirini, meloksikamu, ukiitumia kila siku miezi na miezi lazima mtu akuangalie. Na huko dukani walitakiwa wakuulize unaitumia kwa muda gani kabla ya kukupa pakiti nyingine, mi mwenyewe nauza na nakiri wengi hatuulizi mteja akiwa na haraka.

#14 mama wawili
Mimi sijawahi kumeza diklo maishani mwangu na vidonda nilikuwa navyo. Vilitoka wapi? Mi nasema ni mawazo, kipindi kile baba watoto alikuwa amepoteza kazi, nilikuwa silali.

#15 Mzee wa Kaskazini
Mawazo, na chai ya rangi asubuhi bila kitu, na kuruka milo. Nyie vijana mnakula saa kumi jioni chipsi zenye pilipili halafu mnatafuta mchawi. Sisi Moshi mtu akisumbuliwa tumbo anapikiwa mtori mlaini, ndizi zimesagika na mchuzi wa mfupa, hauna chumvi nyingi, siku tatu anasimama. Na juisi ya kabichi mbichi, glasi asubuhi.

#16 Msomi wa Jioni
Mzee shikamoo. Kabichi nayo ina historia, daktari Garnett Cheney wa California mwaka 1949 aliandika kuhusu wagonjwa 13 aliowapa juisi ya kabichi mbichi wakapona haraka. Watu 13 ni wachache na tangu hapo haikuingia kwenye matibabu ya hospitali, ila ndo ilikotokea.

Mama wawili, kuhusu mawazo. Madaktari wote walikuwa wanasema kama wewe mpaka miaka ya 80. Halafu wakatokea jamaa wawili wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, wakawa wanaona bakteria kwenye vipande vya tumbo vya wagonjwa. 1982 wakafanikiwa kumkuza maabara. Hakuna aliyewaamini, kila mtu anajua tumbo lina asidi, bakteria ataishije humo? Mwaka 1984 Marshall akachukua maji yaliyojaa wale bakteria akayanywa yeye mwenyewe. Siku chache kichefuchefu, kutapika, mdomo unanuka, wakamwangalia kwa kamera tumbo limevimba ndani na bakteria wamejaa. 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Ndo huyo H. pylori mnayemsikia. Anajitengenezea kitu cha kupooza asidi kumzunguka halafu anajichimbia kwenye ute. Maziwa hayamtishi huyo, asali ya mezani haimtishi.

#17 mama wawili
Sasa mi niliponaje? Maana sikumeza dawa ya bakteria yeyote.

#18 Nesi wa Zamu
Dada sijui kama ulipona kidonda au ulipona maumivu, na siwezi kujua kwa kukuangalia huku. Vidonda vingine vinafunga vyenyewe na kurudi. Pengine hukuwa na kidonda ilikuwa ni ukuta wa tumbo kuvimba au asidi kupanda juu kooni. Ulipimwa?

#19 mama wawili
Nilipimwa kwa kubonyezwa tumbo.

#20 Kijana wa Kimara
Mi nilipimwa choo nikakutwa na huyo bakteria. Nikapewa dawa siku 14, omeprazole ya kupunguza asidi na antibaiotiki mbili, sikupona. Mara ya pili wakabadilisha, ikawa aina nne, na tetrasaiklini humo ndani. Sasa mimi kwa akili yangu nikajua dawa kali tumbo bovu, kila kidonge nikawa nasindikiza na maziwa. Siku 14 nzima. Narudi kupima bakteria yupo vile vile. Yule daktari akaniuliza ulikuwa unameza na nini? Nikasema maziwa. Akaweka kalamu chini akaniangalia.

#21 Muuza Dawa
Hii ya Kimara muisome mara mbili. Kalsiamu ya maziwa inashikana na tetrasaiklini humo tumboni vinakuwa kitu kimoja kisichofyonzwa, unakitoa chooni. Doksi (doksisaiklini) pia, na sipro (siprofloksasini). Meza na maji, maziwa yakae mbali masaa mawili au matatu. Sio kila dawa ina hilo, amoksilini haina shida na maziwa, lakini muulize anayekupa.

#22 Bint Unguja
Asalaam aleikum, mie nipo Muscat. Huku laban, maziwa ya mgando, haikosi mezani, wali na samaki na laban, na mie tumbo langu halitaki maziwa mabichi kabisa ila laban nanywa. Nina shangazi yangu Unguja anashikilia kuwa dawa ni maziwa ya mbuzi, yasiwe ya ng'ombe. Na huku watu wanasifu ya ngamia. Kuna ukweli?

#23 Nesi wa Zamu
Waaleikum salaam mpenzi. Ya mbuzi nayo yana laktosi, yamepungukiwa kidogo tu, na ya ngamia nayo yanayo. Mafuta ya maziwa ya mbuzi yana chembe ndogo ndogo wengine wanasema ni mepesi tumboni, sawa, ila kama shida yako ni laktosi usitegemee tofauti kubwa. Na kidonda hakiulizi yametoka kwa mnyama gani.

#24 Chui wa Eldy
Swali kwa Nesi. Mursik ni chachu, asidi iko ndani. Si hiyo nayo inachoma kidonda?

#25 Nesi wa Zamu
pH yake iko 4 na kitu, asidi ya tumbo lako mwenyewe ni kali mara mia na zaidi. Kuna wagonjwa wanasikia inawachoma na kuna wasiosikia kitu, ukisikia inachoma acha. Wewe tumbo limeshakujibu.

#26 Kibuyu Cheusi
Mimi naona mnasahau kuchemsha. Maziwa yakichemshwa nguvu inakufa. Yale ya moto moto yanayotoka kwenye chuchu, bado yana joto la ng'ombe, hayo ndo dawa. Hizi pakiti za dukani mnakunywa rangi nyeupe.

#27 Nesi wa Zamu
HAPANA kaka. Nimekaa wodini na watu wenye homa ya miezi, viungo vinauma, wanatibiwa malaria mara nne kumbe ni brusela waliyoipata kwenye maziwa mabichi. Na kifua kikuu cha ng'ombe kinapita humo humo. Chemsha yatokote. Kalsiamu iko pale pale, protini iko pale pale, laktosi pia. Unachopoteza kidogo ni baadhi ya vitamini. Na huyo mgonjwa wa vidonda anayetumia dawa za kupunguza asidi ndo kabisa asinywe mabichi, asidi ni mlinzi wa mlangoni, umeshampunguza.

#28 Fundi Geti
Tukiwa hapo hapo. Vipi kuhusu maziwa na moshi? Maana mafundi wote tunakunywa, na wapaka rangi, na wa kwenye viwanda vya saruji. Inasemekana yanakata sumu.

#29 Msomi wa Jioni
Moshi unaingia kwenye mapafu, maziwa yanaingia tumboni, ni barabara mbili ambazo zinaachana kooni na hazikutani tena. Ukichomelea zile bomba nyeupe zilizopakwa zinki ukalala na homa na kutetemeka na ladha ya chuma mdomoni, ile ni zinki uliyoivuta, inaisha yenyewe kesho yake au keshokutwa na maziwa yanapewa sifa ya bure. Barakoa yenye kichujio, na kufanyia kazi nje upepo ukiwa mgongoni au pembeni yako. Huyo mzee wa Buguruni aliwapenda lakini, nusu lita kwa kila mwanafunzi kila siku sio pesa ndogo, na mlikuwa mnapata chakula.

#30 mama wawili
Ila kukata sumu inakata, mtoto wa jirani alikunywa mafuta ya taa akanyweshwa maziwa akatapika yote akapona

#31 Nesi wa Zamu
Dada huyo mtoto alikuwa na bahati. Mafuta ya taa yanaua kwa kuingia kwenye mapafu wakati wa kutapika. Usimtapishe, usimnyweshe maziwa wala mafuta ya kula, mbebe mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Nawaombeni hili msilichukulie kama mjadala wa maziwa.

#32 Mzee wa Kaskazini
Nesi asante kwa hilo, tulifundishwa vibaya.

#33 Fundi Geti
Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita. Nimeacha diklo, nimepewa parasetamol na mazoezi ya mgongo, mgongo unauma kweli sitaki kuwadanganya. Nanunua omeprazole mwenyewe nameza nusu saa kabla ya chai kama Muuza Dawa alivyonielekeza inboksi. Maziwa nimeshusha mpaka kikombe kimoja mchana na nimehamia mtindi. Usiku nalala, nimeamka mara mbili tu kwa wiki. Jana nimepima choo, majibu: bakteria hayupo. Kwahiyo kumbe ilikuwa diklo tu!

#34 Nesi wa Zamu
Nafurahi unalala. Ila kipimo ulikifanya huku unameza omeprazole?

#35 Fundi Geti
Ndiyo.

#36 Nesi wa Zamu
Basi hicho kipimo hakijatuambia kitu. Omeprazole inamlaza bakteria, kipimo cha choo na cha pumzi vinaweza kumkosa na yupo. Inatakiwa uwe umeiacha wiki mbili, na antibaiotiki wiki nne, ndo upime. Usikubali kile cha damu pia, kile kinaonyesha ulishawahi kukutana naye, hata ukishapona kinaweza kubaki kinasema ndiyo. Na diklo na bakteria wanaweza kuwa wote wawili kwa mtu mmoja, wakikutana ndo hatari yenyewe. Halafu zile kilo tatu nne ulizopungua usizisahau, mwambie daktari, huenda ukahitaji kuangaliwa kwa kamera.

#37 mama wawili
Mnaona? Diklo ameacha, maziwa amepunguza, omeprazole ameanza, vyote wiki moja. Mtajuaje kilichomponya ni kipi? Mimi nasema ni mtindi.

#38 Muuza Dawa
Omeprazole dada.

#39 Kibuyu Cheusi
Au kulala. Mtu akilala anapona vingi.

#40 Konda Mstaafu
Samahanini narudi kwenye uzi. Nimesoma wote tangu mwanzo. Nesi uliuliza Fundi rangi ya choo pale juu. Ikiwa nyeusi ina maana gani? Nyeusi kama lami na inanata na harufu sio ya kawaida. Siku ya tatu leo.

#41 Nesi wa Zamu
Unatumia vidonge vya kuongeza damu? Vile vya madini ya chuma vinafanya choo cheusi.

#42 Konda Mstaafu
Hapana. Ila aspirini kila siku kwa ajili ya kichwa, miaka. Na nikisimama naona giza. Nilikunywa maziwa lita moja jana nikaona kama nafuu.

#43 Nesi wa Zamu
Konda funga simu amka twende hospitali SASA HIVI. Usiende peke yako, usiendeshe, mwambie mtu wa nyumbani. Hiyo ni damu inatoka juu inashuka inapikwa na asidi inakuwa nyeusi. Usimeze kitu, usinywe maziwa. Waambie neno kwa neno ulivyoandika hapa.

#44 Muuza Dawa
Konda ukifika tujulishe. Aspirini usiguse hata moja.

#45 Fundi Geti
Konda uko maeneo gani? Nina bajaji ya shemeji hapa.

#46 Fundi Geti
Konda?

#47 Chui wa Eldy
Huyu jamaa amejibu?

#48 mama wawili
Tangu jana saa mbili usiku sijalala vizuri namuwaza mtu nisiyemjua sura. Mungu amtangulie.

#49 Konda Mstaafu
Nipo wodini. Mtoto wangu ndo ananiandikia nikisema. Damu ilikuwa 6, nimewekewa chupa mbili. Nimemezeshwa mpira wenye kamera leo asubuhi, wameona kidonda kwenye tumbo kilikuwa kinavuja, wamekifunga. Wamechukua na kipande kupima huyo bakteria wa Msomi, majibu wiki ijayo. Kile kiti nilichokiweka mbele kilikuwa na maana.

#50 Nesi wa Zamu
Alhamdulillah. Pumzika. Usiongee sana.

#51 Msomi wa Jioni
Tunakuombea kaka. Tuko hapa.

#52 mama wawili
Jamani machozi. Konda wodini wanakupa nini cha kula?

#53 Konda Mstaafu
Uji mwepesi kwanza. Mgonjwa wa kitanda cha pili naye ana vidonda, ndugu zake wamemletea maziwa ya chupa na nesi wa zamu ya mchana hajasema kitu. Wa usiku alipoingia akawaambia wayatoe. Wote wawili wamesoma.

#54 Muuza Dawa
😀 pona haraka.

#55 Fundi Geti
Konda nitumie inboksi jina la wodi. Jumamosi nafunga kazi saa sita, nakuja. Mzee wa Kaskazini amenielekeza mtori, waifu ameukubali kuupika.

#56 Konda Mstaafu
Njoo nao. Maziwa usije nayo, nimuulize kwanza daktari kesho kwenye raundi.